Bastola za zinki: msizidharau, na msizinunue

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji wa Mbagala aliyeandika kuhusu bastola za bei chee zinazouzwa Marekani. Alisema ni "za bati", kwamba zinapasuka mkononi baada ya risasi chache, kwa hiyo mwenye kuumia ni mwizi mwenyewe, na akamalizia na ile methali ya rahisi kuvunja upishi. Ndugu yetu ana kalamu nzuri, nilicheka mahali pawili. Lakini mimi nimeisoma barua yake nikiwa Dayton, Ohio, ambako bastola hizo zinauzwa mtaa wa pili kutoka kwangu, na hayo madini anayoyatukana ndiyo yanayonilisha.

Kazi yangu ni kusubu zinki, yaani kuiyeyusha na kuitia kwenye kalibu. Ufundi chuma niliuanzia Tanga, na huku nipo zamu ya usiku kwenye kiwanda cha vitasa, koki za bomba na vipuri vidogovidogo. Zinki yenyewe haiwi tupu. Inachanganywa na aluminiamu kama asilimia 4 na magnesi chembe tu, na aina nyingine huongezwa shaba asilimia 1. Mchanganyiko huo huitwa Zamak. Unayeyuka kwenye nyuzi joto 380 na kitu, ilhali chuma hakishughuliki mpaka uvuke 1,400. Mashine inasindilia uji huo kwenye kalibu kwa nguvu, unahesabu moja, mbili, tatu, kipande kinatoka kimekamilika: matundu yake, kingo zake, hata maandishi ya jina la kampuni. Anayebaki na kazi ni wa kupiga tupa kidogo na wa kupaka kromu.

Watu wanadhani bastola hizi ni rahisi kwa sababu madini yake ni takataka. Si kweli. Kilo ya zinki ina bei kubwa kuliko kilo ya chuma cha kawaida. Kinachookolewa ni saa za fundi. Bastola ya chuma inachongwa kwenye mashine, kipande kimoja kinapita mikono na mashine nyingi, na kila mkono unalipwa. Ya zinki inatoka kwenye kalibu kama ilivyo.

Na zinki ina udhaifu wake, sifichi. Ukiigonga mahali palepale mara elfu na elfu, inachoka na kufanya ufa. Ukiiacha chini ya mzigo mahali pa joto, inajinyoosha polepole. Madini ya risasi au ya bati yakijipenyeza kwenye tanuri kwa kiasi ambacho hata jicho halioni (hesabu yake ni sehemu za elfu za asilimia moja), kipande kinaoza kutoka ndani, kinavimba na kumeguka baada ya miaka, na juu kromu bado inang'aa. Sisi kazini tunapima kila mzigo kwa sababu hiyo. Sasa kama aliyesubu bastola hakupima, hapo msomaji wa Mbagala ana haki yake.

Lakini kwenye bastola mlipuko haushikwi na zinki. Mtutu, hata katika zile za bei ya chini kabisa, ni wa chuma. Zinki ni kiunzi na ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukifyatua, ambayo huku inaitwa slaidi. Katika bastola kubwa za askari slaidi na mtutu vinafungamana kwa muda mfupi mpaka nguvu ya mlipuko ipungue. Hizi za bei chee hazina ufungaji huo, kinachozuia slaidi isiruke ni uzito wake na springi, basi. Kwa hiyo ukitumia risasi ndogo ya .25 (yaani unene wa robo ya inchi), zinki inastahimili miaka na miaka. Ukichukua mwili uleule mwembamba ukatia .380 au 9mm, ambazo zina nguvu zaidi, ndipo nyufa zinapoanza. Ni sawa na kitasa: kinene cha zinki kitakuzika, kilichokondeshwa ili kiuzwe nusu bei kitakuachia mkono wa mlango kiganjani.

Hapa kwetu Ohio, mji wa Mansfield, kuna kampuni ya Hi-Point iliyoelewa hesabu hiyo. Bastola yake ya 9mm, C9, ina slaidi ya Zamak, lakini wameifanya bonge. Ina uzito wa gramu 820 hivi bila risasi, wakati Glock 19, ambayo ni ya 9mm vilevile, haizidi sana gramu 600. Ni mbaya kwa sura, kila mtu anaicheka, na mwaka 2019 kampuni ilipowaomba watu waipendekezee jina bastola mpya, vijana wa mtandaoni wakashinda na jina la mzaha, Yeet Cannon, nayo kampuni ikalikubali. Bei yake ilikaa miaka mingi chini ya dola 200. Ikiharibika unairudisha kiwandani na wanaitengeneza bure, hata kama wewe ni mnunuzi wa pili au wa tatu. Kampuni haitoi ahadi ya namna hiyo kwa kitu kinachopasuka baada ya risasi chache, ingefilisika. Kwa hiyo suala la "za bati" naomba tulifunge.

Nirudi nyuma kidogo maana historia yake inaeleza mengi. Mwaka 1968, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa, Marekani ilitunga sheria iliyozuia kuingiza nchini bastola ndogo za rahisi kutoka nje, nyingi zikiwa za Ulaya. Sheria ilizuia uingizaji, haikugusa utengenezaji wa ndani. Basi mwaka 1970 bwana mmoja wa karakana ya vipuri vya ndege huko California, George Jennings, akafungua Raven Arms, akaanza kusubu bastola ya .25. Ndugu, jamaa na marafiki wakafuata: Jennings Firearms, Bryco, Davis, Lorcin, Phoenix. Zote zilizunguka Los Angeles kiasi kwamba daktari mmoja wa chuo kikuu, Garen Wintemute, alipoziandikia taarifa mwaka 1994 akaziita Pete ya Moto. Mwaka 1993 Lorcin peke yake ilitengeneza bastola zaidi ya 300,000, ikawa ya kwanza Marekani nzima kwa idadi ya bastola. Nyingi katika hizo ziliuzwa chini ya dola 100. Na polisi walipokuwa wakifuatilia silaha walizokamata kwenye uhalifu miaka hiyo, Raven na Lorcin zilikuwa haziishi kwenye orodha ya juu.

Sasa hoja ya "mwizi ataumia mwenyewe". Tarehe 30 Machi 1981, nje ya hoteli moja Washington, kijana alimfyatulia Rais Reagan kwa bastola ya mzunguko ya .22, aina ya RG-14, ya chapa ya Röhm, kiunzi chake kikiwa cha aloi ya zinki. Alikuwa ameinunua duka la rehani. Zilitoka risasi zote sita, kwa muda usiofika sekunde 2. Watu wanne walipigwa, rais akiwamo. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani, akaishi na ulemavu mpaka alipofariki mwaka 2014, na daktari wa serikali akaandika kuwa kifo chake kimetokana na risasi ile ya 1981. Ndugu yangu wa Mbagala, hiyo ilifanya kazi.

Wanaotaka kulenga shabaha kila Jumamosi ndio wanaohitaji bastola inayostahimili risasi 20,000. Mwenye kuiweka mtoto wa meza, au mwenye nia mbaya, hahitaji hata 10. Bastola ya .25 iliyosubiwa mwaka 1975, ikakaa miaka 40 ndani ya soksi, haijachoka. Kwa kipimo chake hicho kibaya, inadumu sana.

Kinachonitia hofu mimi ni kitu kingine, na nilikiona jikoni kwangu. Shemeji yangu anafanya kazi sheli usiku, sehemu ambayo mimi mwenyewe sipiti kwa miguu. Siku moja akaja na mfuko wa karatasi, ananiambia, "Shemeji, nimepata kitu kwa bei ya kutupa. Wewe mtu wa zinki, hebu niangalizie." Dola 80, duka la rehani. Jina la kiwanda silitaji, kwanza kimeshakufa.

Tulitoa magazini, tukavuta slaidi, tukahakikisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, haina kitu, tukaangalia tena. Halafu nikawasha taa ya juu ya jiko. Kromu ilikuwa imevimba malengelenge karibu na kishikio, na nilipokwangua kwa ukucha likatoka vumbi jeupe, yaani zinki imeanza kuliwa na unyevu. Mstari wa kalibu, pale nusu mbili zinapokutana, haukupigwa hata tupa, unausikia kwa kidole. Hayo ya sura tu. Kidogo kidogo tukaifungua. Bastola za aina hii, ukishaingiza risasi chemba, pini ya kupiga inakaa imevutwa, springi yake imekazwa, na kinachoizuia isiende mbele ni kijino kidogo. Kijino kile kilikuwa kimelika ukingo. Hakuna kizuizi kingine mbele ya pini. Bastola ikidondoka sakafuni ikatikisika vya kutosha, hakuna tena cha kuizuia. Kisha nikajaribu swichi ya usalama. Ilikuwa inachezacheza kama jino la mtoto wa miaka sita, na ikiwa imewashwa slaidi haivutiki. Nikamwambia, "Ukitaka kutoa risasi iliyoko chemba, lazima kwanza uzime usalama." Akaniuliza, "Sasa huo usalama ni wa nini?"

Swali la shemeji liliwahi kufika mahakamani kabla yake. Mwaka 1994, kaskazini mwa California, mtoto wa miaka 7 alipigwa risasi na rafiki wa familia aliyekuwa anajaribu kuitoa risasi kwenye bastola ya Bryco ya .380. Ili aitoe, ilibidi azime usalama, maana ukiwa umewashwa slaidi inafungwa. Bastola ikafyatuka. Mtoto akapooza kuanzia shingoni. Mawakili wake walidai kuwa kampuni ilifunga slaidi kwa makusudi, kwa sababu muundo wa awali ulikuwa ukikwama wakati wa kupakia, na hiyo ilikuwa njia rahisi ya kuficha kukwama. Mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama huko Oakland lilimlaumu kila mhusika kwa fungu lake, wazazi na yule rafiki wakiwamo, lakini fungu la watengenezaji na wauzaji likafika kama dola milioni 24. Kampuni ikakimbilia kufilisika. Mwaka 2004 mali zake zikanadiwa. Kijana yule, akiwa na miaka 17, akakusanya michango aende mnadani anunue kiwanda, ayayeyushe mabaki yote. Alizidiwa: aliyekuwa meneja wa kiwanda hichohicho akanunua kwa dola 510,000, na bastola zikarudi sokoni kwa jina la Jimenez Arms, baadaye ikahamia Nevada, nayo ikafilisika mwaka 2020. Mimi ningependa sana angeshinda yule kijana. Tanuri la zinki lingemaliza ile kazi kwa asubuhi moja.

Angalieni sasa watunga sheria walichofanya. Miaka ya 1970 majimbo kama South Carolina, Illinois na Minnesota yaliamua kupambana na bastola hizi kwa kipimo cha kuyeyuka: yenye kiunzi cha madini yanayoyeyuka chini ya nyuzi 427 isiuzwe, na Minnesota wakaenda mpaka 538. Mtu wa tanuri akisoma sheria hiyo anashika kichwa. Bastola haifanyi kazi ndani ya tanuri! Na Glock, ambayo jeshi la Austria liliichukua miaka ya 1980 mwanzoni na leo iko kiunoni kwa polisi wengi wa Marekani, kiunzi chake ni plastiki, kitayeyuka zamani kabla ya zinki yangu haijalegea. Lakini sheria zilitaja madini, kwa hiyo plastiki ikapita.

California walichelewa ila wakapiga penyewe. Sheria yao ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika 2001, haikuuliza bastola imetengenezwa kwa madini gani. Inataka bastola tatu za kila aina zipelekwe maabara, kila moja ifyatue risasi 600 bila kukwama zaidi ya mara 6, na zidondoshwe kutoka kimo cha mita 1 zisifyatuke. Baadhi ya kampuni za Pete ya Moto zilikuwa zimeshafungwa kufikia hapo. Phoenix Arms, zinki ileile, iliongeza vizuizi kwenye bastola yake ya .22 mpaka watumiaji wanalalamika kuwa ni vingi mno, ikafaulu, na bei yake ikabaki ya chini. Kwa hiyo inawezekana. Waliokuwa hawafanyi hivyo walikuwa wanaokoa dola kadhaa kwenye kijino na swichi. Na serikali kuu haikuwabana, kwa sababu tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za nyumbani imekatazwa kisheria kugusa bunduki. Bastola ya kuchezea ya mtoto ina kanuni za usalama za serikali kuu za kutimiza, ya kweli haina.

Nilipanga niishie hapo, lakini najua gazeti hili linasomwa na wazazi wenye watoto huku, na nimeona vijana wetu wakivutwa na bei. Wanajiambia dola 80 si kitu. Haya, hesabuni. Bastola usiyoijua huwezi kuitegemea mpaka uifyatue angalau risasi 200, na risasi hizo peke yake zinakaribia bei ya bastola. Ada ya uwanja wa kulengea ipo. Sanduku la kufuli lipo, na kama nyumbani kuna mtoto hilo si la hiari. Ya kiwanda kilichofungwa haina vipuri wala wa kumrudishia. Mpaka hapo umeshaifikia bei ya Hi-Point mpya, na baadhi ya wenzako watakuwa bado wanakucheka.

Halafu kuna karatasi. Kijana aliye na viza ya masomo au ya matembezi, sheria ya Marekani inamkataza kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya kuwinda. Asiye na karatasi kabisa, akikutwa nayo ni jela kisha ndege. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa, lakini kosa moja la silaha linaweza kumrudisha nyumbani hata awe ameishi huku miaka 20. Na msikubali ule mchezo wa "ninunulie wewe mwenye karatasi, nitakurudishia hela". Kumnunulia mtu mwingine huku ukiandika kuwa ni yako ni kosa la jinai, na wanaofungwa kwa hilo wapo. Duka la rehani halitakueleza haya, muuzaji wa mtaani ndiyo kabisa, maana katika majimbo mengi, hili la kwetu likiwamo, mtu binafsi anamuuzia mwenzake bila kumchunguza.

Shemeji ana kadi ya kijani, kwa hiyo lake halikuwa kosa. Duka lilikataa kuipokea tena. Nilimshauri asiiuze, kwani kile kijino kitamdondokea mtu mwingine. Akataka aitie kwenye begi aipeleke kituoni mwenyewe. Nikamwambia, wewe mtu mweusi, unaingia kituo cha polisi cha Marekani na bastola begini, unaanza kufungua zipu? Alipiga simu kwanza, ile namba isiyo ya dharura, akaeleza bastola iko wapi na kwamba haina risasi, wakaja askari wawili wakaichukua na kumwandikia karatasi. Sheli nao, baada ya wafanyakazi kugoma kidogo, wamefunga kioo kizito kwenye kaunta na taa mbili za nje. Kioo kile kimeanza kuonyesha alama za kucha za watu wanaotaka sigara usiku wa manane, ila kipo.

Mwana Tanga,
Dayton, Ohio, Marekani